Dalali na Mikorosho ya Mama Yake

Mlangoni kwangu watu hawamuulizii mume wangu kwa jina. Wanauliza, "Dalali yupo?" Nami nikisikia tu swali linavyotoka mdomoni najua kilichomleta mtu. Mwenye shida ya kuuza hulitamka neno kwa upole, kama anayemwita mganga. Mwenye kutafuta kiwanja hulitamka mbiombio. Na yule ambaye biashara yake imeharibika hulitema: "Yuko wapi huyo dalali?" Nikisikia hiyo "huyo", naacha ninachofanya, nachukua ufagio na kuanza kufagia uwanja hata kama nimeshafagia, ili maneno yake ya kwanza yapigane na vumbi wakati mume wangu anavaa shati.

Mume wangu ni Gharibu. Mimi ni Mama Nasra, na nimekaa na neno dalali ndani ya nyumba moja miaka mingi kuliko niliyokaa na mama yangu mzazi, basi nina haki ya kulisemea. Ustadhi wetu aliwahi kutueleza kwamba asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mtu anayekuonyesha kitu kilipo; ati ni ndugu wa neno dalili. Nikamwambia, ustadhi, kwa heshima zote, nenda pale stendi ya Kibiti ukawaambie hivyo. Pale dalali ni mtu aliyesimama kati ya mwenye kitu na mwenye pesa, akala bila kulima. Ukiongea sana wanakwambia una maneno ya kidalali. Vijana wanaorudi kutoka Kariakoo wamekuja na neno lao, winga, nao wakilitamka wanacheka, kwa sababu kwao ni ujanja wa kumkokota mteja hadi dukani kwa mtu. Gharibu hawezi kumkokota hata mbuzi.

Wapo wanaomwita mlanguzi, na hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Mlanguzi hununua kitu akakificha mpaka watu wakione dhahabu. Gharibu hajaficha hata debe la mpunga. Kuna mmoja alimwita kangomba, yaani wale wanaonunua korosho zako kwa kopo, kwa siri, wakati una njaa. Huyo nilimfuata mpaka kwake tukamalizana. Dalali hanunui wala hauzi. Vyake ni miguu na mdomo. Hata wakala wa pesa za simu ana mwavuli na kampuni nyuma yake, lakini dalali nyuma yake hakuna kitu. Na mshenga je? Mshenga naye hutoka nyumba hii kwenda nyumba ile, anasifia tabia asizozijua, anapatanisha bei akaiita mahari, na mwisho anawekewa pilau ya kwanza. Dalali akifanya hivyohivyo kwa shamba la mtu anaitwa mwizi. Mimi tofauti yao sijaiona, ila hiyo pilau.

Lakini nilitaka kusema habari za Gharibu, na za mama yake.

Mama aliyemzaa alifariki akiwa mdogo sana, hata sura yake haikumbuki. Akachukuliwa na mama yake mdogo, Bi Tabu, ambaye hakujaliwa mtoto wa tumboni. Bi Tabu alikuwa ameolewa Mtawanya na mume asiye na ardhi. Baba yake Mohamedi, jirani yao, akawaambia wapande mikorosho kwenye ardhi yake, maana ilikuwa imekaa bure. Wakapanda. Gharibu akiwa kijana mdogo ndiye aliyekuwa akipalilia na kufukuza mbuzi wa watu visiguswe vile vichipukizi. Mume wa Bi Tabu akafa, mikorosho ikakua, na Bi Tabu akaishi kwa mikorosho hiyo. Korosho zake ndizo zilizomtahiri Gharibu, ndizo zilizomwozesha. Mahari yangu ilitoka mle.

Hapa nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya mmoja na mti ukawa wa mwingine. Aliyekukaribisha upande, udongo ni wake, na mti ni wako wewe na warithi wako mpaka uanguke wenyewe. Mwenye udongo anaweza kufa, anaweza kurithisha, anaweza hata kuuza, na mwenye mti bado atakuja msimu ukifika na kuokota korosho zake, wala hapigi hodi. Hakuna anayeandika haya. Mtoto anayajua kama anavyojua kwamba ukinunua nyumba hujanunua mbuzi aliyelala barazani.

Gharibu udalali alijifunzia Ndundu, kwenye kivuko cha mto, kabla ya daraja. Wakati huo mabasi ya Lindi na Mtwara yalisubiri pantoni, na mto ukijaa foleni ililala. Gharibu aliona kwamba abiria wana njaa na wenyeji wana kuku, lakini abiria anaogopa kushuka basi lisimwache, na mama wa kijijini anaona haya kupiga kelele chini ya dirisha la mgeni. Akawa anakwenda kati yao. Kisha akawa na mzee mmoja, Mzee Iddy, dalali wa mikeka, ambaye alimfundisha sheria yake: ukiulizwa, sema kweli, usipoulizwa, funga mdomo. Alisema dalali anayejibu asiyoulizwa hufa na njaa, na anayeulizwa akadanganya hufa vibaya zaidi. Gharibu aliishika sheria hiyo kama watu wanavyoshika sala.

Daraja lilipofunguliwa watu walishangilia, naye alishangilia, halafu akakaa chini na kujiuliza atakula nini. Mabasi yakawa yanapita bila hata kupunguza mwendo. Akaja Kibiti, akaanza mashamba na viwanja, na mimi alinikuta nauza maandazi. Ikapita miaka ile ya hofu na mauaji, tunayoijua wote na hatupendi kuitaja, ambapo mgeni akionekana mashambani yeye na anayemtembeza walitazamwa kwa jicho moja. Miaka ile hakuuza hata shimo la taka. Kisha kukatulia, na watu wa Dar es Salaam wakaanza kuja kutafuta ardhi, maana kwao imekwisha. Gharibu akanunua viatu vipya vya kutembelea.

Sasa ndipo Mohamedi alipotaka kuuza.

Baba yake alikuwa ameshafariki na ardhi ile ya Mtawanya ilikuwa fungu lake. Alitaka mtaji wa duka la vipuri vya pikipiki. Alikuja hapa nyumbani akakaa kwenye mkeka, nikampa chai, akasema, "Kaka Gharibu, ardhi nauza. Miti unajua mwenyewe ni ya nani. Ukikataa kunitafutia mtu nitampa dalali mwingine wa stendi, na huyo hatamjali mama kama wewe."

Hakusema uongo. Angeuza tu. Gharibu alikaa na jambo hilo siku kadhaa, hali vizuri. Mwishowe akaniambia, "Bora nilishike mimi. Nitamchagulia mama jirani mpole."

Mnunuzi wa kwanza alikuja na miwani myeusi. Gharibu alimwambia yote kabla hata hajaulizwa, akaivunja sheria ya mzee wake kwa ajili ya mama yake. Akamwambia, ardhi inauzwa, miti ni ya bibi mmoja hapo karibu, msimu ukifika ataingia kuokota. Yule bwana akacheka mpaka akavua miwani. "Kwa hiyo mimi nanunua mchanga, kivuli ni cha mtu mwingine?" Akapanda gari lake akaondoka, na Mohamedi aliposikia alifoka sana.

Wa pili alikuwa Saadi. Huyu alikuwa dereva wa malori, amestaafu, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alipofika shambani alisimama chini ya mkorosho mmoja, akaweka kiganja kwenye gome, akasema mahali pametulia. Wakati wa adhuhuri ulipoingia aliomba maji akatawadha, akasali palepale chini ya miti. Gharibu akampenda. Akamwona ndiye yule jirani mpole. Saadi aliuliza kuhusu barabara, akauliza kuhusu maji, akauliza kama kuna mtu anayedai mpaka. Kuhusu miti hakuuliza. Na angeulizaje? Alikozaliwa yeye, huko bara, mti unafuata ardhi.

Gharibu akanyamaza.

Jioni hiyo nilimwuliza kabla hajakaa. "Umemwambia habari ya miti?"

"Hakuuliza."

"Baba Nasra! Mtu atauliza vipi kitu asichojua kwamba kipo?"

"Atajua taratibu. Amesema anataka mahali pa kupumzika. Msimu ukifika atamwona mama anaokota korosho, atashangaa, ataniuliza, nitamweleza. Watakuwa wameshazoeana. Huyu si mtu wa kumnyima bibi kizee korosho."

Nilitaka kuendelea, lakini nami nilikuwa natazama paa letu lilivyotoboka. Wakaandikishana ofisi ya kijiji, Mohamedi akapata mtaji wake, Gharibu akapata udalali wake, nasi tukaezeka mabati. Gharibu alikwenda mwenyewe kumwambia Bi Tabu kwamba ardhi imepata mwenyewe mwingine. Bi Tabu akasema, "Ardhi haikuwa yangu tangu hapo. Mradi awe mtu wa watu." Wala hakuuliza zaidi, kwa sababu dalali alikuwa mwanawe.

Saadi hakuonekana kwa muda. Mikorosho ikaanza kutoa maua. Bi Tabu akatafuta kijana wa kumpulizia miti salfa, ile dawa ya ukungu, akapalilia chini ya miti kwa mkono wake mwenyewe, maana korosho zikianguka kwenye majani huzioni. Ulikuwa mwaka mzuri. Maua yalikuwa mengi hata nyuki walisikika njiani.

Asubuhi moja Bi Tabu akasikia mlio wa mashine. Alidhani ni pikipiki. Alipofika shambani akakuta vijana wawili na msumeno wa mashine, na mikorosho kadhaa imelala chini, maua yake yameshika mchanga. Saadi alikuwa kando na kofia yake ya kusalia. Kumbe alikuwa amebadili mawazo, hakutaka tena mahali pa kupumzika, alitaka kujenga mabanda ya kuku, na mabanda yanataka uwazi.

Alimwona bibi amesimama, akamwendea kwa adabu. "Shikamoo mama." Bi Tabu akaitikia, kwa sababu salamu haina kosa. Saadi akamwambia, "Mama, kama una shida ya kuni, matawi hayo chukua tu. Usione haya, ni bure."

Haya nimeyapata kwa Bi Tabu mwenyewe. Alikuja mpaka hapa Kibiti, na kanga yake ina vumbi la msumeno. Hakulia. Alisimama mlangoni, akakataa kigoda, akamwambia Gharibu, "Mwanangu, yule mgeni ananipa kuni za miti yangu. Ulimwambia nini?"

Gharibu akavaa viatu bila soksi, akatoka mbio kutafuta bodaboda. Bi Tabu alibaki ameniangalia mimi. Nilikuwa na unga mikononi, nikaendelea kuukanda, maana sikujua la kufanya na macho yangu.

Saadi aliposikia miti si yake alizima mashine siku ileile. Hilo nimpe haki yake. Lakini hakuwa mjinga, na pesa zake zilikuwa kiinua mgongo cha kazi ya maisha yote. Alisema yeye alinunua shamba la mikorosho, alionyeshwa shamba la mikorosho, na kama kuna mtu alimficha jambo basi mambo yasemwe hadharani. Likaitwa baraza la kata lisuluhishe, na siku ikapangwa.

Mambo yalikuwa hivi. Kama Saadi aliambiwa habari ya miti kabla ya kununua, basi amekata mali ya mtu kwa makusudi, miti iliyobaki inasimama na Bi Tabu anaendelea kuokota mpaka mwisho wa maisha yake. Kama hakuambiwa, basi alinunua kwa nia safi, na baraza haliwezi kumwambia akae na ardhi isiyomfaa kitu, na miti iliyobaki itakatwa. Mohamedi pesa alishazigeuza vipuri. Na aliyekuwapo siku ya kutembeza shamba, zaidi ya Saadi mwenyewe, ni mtu mmoja tu. Neno la dalali ndilo lingeamua.

Jioni ya kuamkia baraza nilimpakulia chakula akakitazama tu. Nikakaa mbele yake. Nikasema, "Baba Nasra, kesho utasema ulimwambia."

"Sikumwambia."

"Najua hukumwambia! Ningekuwa sijui ningekuomba nini? Sema ulimwambia mkiwa chini ya mti, akaitikia, pengine amesahau. Mtu mzima anasahau. Neno moja tu, na mama anabaki na miti yake."

"Na Saadi?"

"Saadi ana nyumba Dar es Salaam, ana watoto wenye kazi, ana ardhi bado, auze akanunue kwingine. Mama ana nini?"

Akasogeza sahani kando. Nikaona nimemkaribia, nikaongeza. "Mchuma janga hula na wa kwao. Janga umelichuma wewe. Unataka alile mama peke yake?"

"Kesho, Mama Nasra, nitaulizwa," akasema. "Kunyamaza ni kunyamaza. Hili ni kuulizwa."

Jamani! Nilitaka kumrushia sahani. Mtu alikaa kimya pale ambapo neno lingetusaidia, sasa anataka kusema kweli pale ambapo kweli inamuua mama yake. Nikamwambia sheria ya Mzee Iddy ilikuwa ya kuuzia mikeka kwenye foleni ya pantoni, si ya kumzika mzazi. Alikwenda kuoga, akalala akiwa amegeukia ukuta.

Pale ofisi ya kata tuliwekewa mabenchi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kondo, mtu anayesikiliza amefumba macho. Saadi akaeleza yake bila matusi. Mohamedi akasema, "Mimi nilimwambia dalali. Kama dalali hakufikisha, mimi nina kosa gani?" Kisha akaulizwa Bi Tabu. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema maneno machache tu.

"Mimi sina la kubishana na mgeni. Muulizeni mwanangu. Yeye alikuwa kati, yeye ndiye aliyemwonyesha. Mwanangu hawezi kumuuzia mtu miti yangu."

Alikuwa na uhakika kabisa. Mpaka saa ile, mama yule aliamini kwamba Gharibu alimwambia Saadi na Saadi ndiye anayemgeuka. Siku zote zile Gharibu hakuwa na ujasiri wa kumwambia ukweli, na mama hakuuliza tena baada ya lile swali la mlangoni lisilojibiwa. Alikwishajijibu mwenyewe, kwa jinsi anavyomjua mtoto aliyemlea.

Mzee Kondo akafumbua macho. "Dalali, ulipomtembeza mgeni, ulimwambia kwamba miti si ya Mohamedi?"

Nilimwangalia Gharibu kwa nguvu zangu zote. Aliniona. Akamtazama na mama yake.

"Sikumwambia," akasema. "Hakuniuliza, nami nikanyamaza. Wa kwanza nilimwambia akakimbia. Niliogopa na huyu atakimbia."

Saadi akashusha pumzi. Mohamedi akatazama simu yake. Bi Tabu akakaa chini polepole, mkono umeshika benchi. Mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Dalali ni dalali tu, hata mama yake anauza." Nikageuka kumtafuta, lakini nilipoyaona macho yao wote nikakosa wa kuanza naye.

Wazee walihangaika sana, siwezi kuwalaumu. Walimwomba Saadi aiache miti, akauliza kwa upole mabanda yatajengwa wapi. Wakamwomba Mohamedi arudishe pesa, akasema labda wachukue vipuri. Mwishowe wakasema Saadi amlipe Bi Tabu fidia ya miti, iliyokatwa na itakayokatwa, na mbao na kuni zote ziwe zake bibi. Saadi akakubali palepale. Mzee Kondo akamwambia Bi Tabu kwamba kama haridhiki, ipo njia ya kwenda mbele, wilayani.

"Huko nitakwenda na nani?" akauliza. "Na shahidi wangu si ndiye huyu?"

Akaweka dole gumba, akaondoka peke yake. Gharibu alimfuata hatua kadhaa, akasimama katikati ya njia, kisha akarudi.

Watu wa dini walinijia baadaye wakiniambia mume wako amefanya jambo kubwa, amesema kweli juu ya nafsi yake. Nawajibu, karibuni chai. Lakini ukiniuliza mimi, hata leo, nitakwambia angesema uongo. Uongo ule ungemkalia yeye na mimi, na Mungu angetuhukumu sisi wawili, na bibi yule angekufa akiwa na miti yake. Gharibu anasema sijui nisemalo. Tumeacha kubishana, kwa sababu kila tukibishana mmoja wetu hukosa usingizi, na si mimi.

Miti ilikatwa yote kabla maua hayajawa korosho. Fidia Bi Tabu aliipokea, akaiweka anakojua. Pesa ya namna hiyo inakwisha, mkorosho ulikuwa ukirudi kila mwaka. Yakabaki magogo yamelala shambani, na Saadi akawa anaomba yaondolewe ili mafundi waanze. Bi Tabu akampata jirani anayekuja Kibiti, akatuma maneno: mwambieni Gharibu anitafutie mchoma mkaa wa kununua magogo yangu.

Gharibu aliposikia kaitwa kwa jina lake, na mama yake, nilimwona anapumua tena. Kwa magogo yale alihangaika kuliko alivyowahi kuhangaikia shamba lolote. Alikwenda mpaka Ikwiriri, alikwenda Mohoro, aligombana na wachoma mkaa wanne au watano waliotaka kumpunja, akarudi na mmoja mwenye lori na mwenye bei ambayo hata mimi niliistaajabia. Alisimamia upakiaji siku nzima juani, hakuruhusu hata tawi moja liachwe au lihesabiwe kama takataka. Nilikwenda naye nikawapikia wapakiaji. Bi Tabu alikaa kwenye kigoda chake uwanjani akitazama.

Jua lilipoanza kupungua, mchoma mkaa akamlipa bibi mkononi na lori likaondoka, majirani wakibaki kutazama. Gharibu akamsogelea, akachuchumaa mbele yake kama alivyozoea, akamuuliza kama amekula. Bi Tabu alifungua pindo la kanga, akatenga noti kando, akazikunja, akamnyooshea.

"Udalali wako," akasema.

Hili nalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini nitalisema. Dalali hamtozi jamaa yake. Hamtozi mama, hamtozi shangazi, hamtozi hata binamu wa mbali anayemjua kwa jina tu. Kumtoza ni kumkana, na yeye akikulipa ni hivyohivyo. Gharibu alizitazama zile noti kama mtu asiyejua kusoma.

"Mama," akasema, "mimi ni mwanao. Mimi sikutozi wewe."

"Umefanya kazi," Bi Tabu akasema, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Dalali hafanyi kazi bure. Pokea, baba, niingie ndani, nimechoka."

Mkono wake ulibaki umenyooshwa, ni mkono wa mtu mzee. Gharibu akanitazama mimi, akitafuta ruhusa ya kukataa, nami sikuwa na ruhusa ya kumpa, kwa sababu kukataa ilikuwa ni kumwacha mama amenyoosha mkono mbele ya watu. Akapiga magoti mchangani. Akapokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mzazi, na Bi Tabu akaingia ndani akafunga mlango.